Vijarida vya mkono navyo vina haki ya rafu

UKITAKA kujua wasichana wa Marekani walikuwa wakiwaza nini katika miaka ya tisini, magazeti makubwa ya siku hizo hayatakufaa sana. Yatakueleza walivyovaa na walivyotengeneza nywele, basi. Afadhali uingie katika maktaba ya Chuo cha Barnard, jijini New York, uombe vijitabu vya fotokopi vilivyokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili za stepla. Humo utamkuta mmoja akieleza kwa mwandiko wake mwenyewe jinsi anavyogombana na mwili wake, mwingine akisimulia alivyodhulumiwa na mtu aliyemwamini, na wa tatu akifundisha mapishi ya mtu asiye na pesa.

Vijitabu hivyo vina jina lake kwa Kiingereza, jina lililokatwa kutoka mkiani mwa neno la lugha hiyo lenye maana ya jarida. Nimejaribu kulitohoa nikaona litatoka "zini", na ukurasa huu husomwa na familia nzima, wakiwemo masheikh, mapasta na mama wakwe. Basi leo tutaviita vijarida vya mkono, na mwenye neno bora atuletee.

Kijarida cha mkono ni chapisho ambalo mtu mmoja, au marafiki wawili watatu, hulitunga, hulichora, hulikata kwa mkasi, hulibandika kwa gundi na kulitoa nakala kwa pesa zao wenyewe. Hakuna mhariri wa kuwakatalia wala mwenye matangazo wa kuwanunia. Nakala huwa ishirini au hamsini, labda mia mbili kwa wenye bidii. Huuzwa kwa bei ya kurudisha gharama tu, hubadilishwa kwa kijarida cha mwenzake, au hutolewa bure. Anayepata faida humo ni wa kupigiwa makofi.

Asili yake ni ya kale kuliko vijana wengi wanavyodhani. Mwaka 1930, mjini Chicago, wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi walitoa kijarida kilichoitwa The Comet, ambacho wengi hukitaja kuwa cha kwanza cha aina hiyo. Mwaka 1940 Louis Russell Chauvenet, naye mshabiki wa hadithi hizo, akabuni lile neno ambalo baadaye lilikatwa likabaki mkia. Na hata kabla ya hao, mwaka 1926, vijana Weusi wa Harlem wakiongozwa na Wallace Thurman, miongoni mwao Langston Hughes na Zora Neale Hurston, walikuwa wametoa Fire!!, jarida lililoishi toleo moja tu. Baadhi ya wakubwa wa jamii yao walilichukia kwa kusema wazi mambo ya faraghani, deni likamwandama Thurman kwa miaka, na nakala nyingi zilizokuwa hazijauzwa zikateketea kwa moto. Jarida lenye jina la Moto likaungua! Hivi leo mwanafunzi wa fasihi ya Waamerika Weusi hawezi kulipita.

Mashine ya fotokopi ya Xerox 914, iliyotolewa mwaka 1959, ndiyo iliyofungua mlango kwa kila mtu, kwa maana karani yeyote aliyebaki ofisini baada ya saa za kazi aliweza kuwa mchapishaji. Mark Perry, kijana wa London aliyekuwa karani wa benki, alianzisha Sniffin' Glue mwaka 1976 kusifu muziki wa panki uliokuwa ukidharauliwa na magazeti. Mwaka uliofuata alikifunga mwenyewe kijarida chake, kikiwa kimekwisha kuigwa kila mahali. Kisha mwaka 1991 wasichana wa mji wa Olympia, katika jimbo la Washington, wakatumia silaha ileile kuzungumza juu ya ubakaji, uonevu na haki ya kusimama mbele ya jukwaa la muziki bila kusukumwa na wavulana. Walijiita Riot Grrrl, na karatasi zao zilisafiri kwa posta kutoka chumba kimoja cha kulala hadi kingine, mara nyingi zikiwa na sarafu chache zilizofungwa kwa utepe ndani ya bahasha.

Na sisi je? Msomaji mwenye umri hatakuwa amesahau saiklostaili, ile mashine ya stensili iliyochafua vidole vya karani wa shule. Magazeti ya shule, ya vyama vya wanafunzi na ya vigango yalitoka humo. Kule Karatina, marehemu Gakaara wa Wanjaũ alichapisha kwa Kikuyu vijitabu na jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi kwa juhudi zake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ilikuwa imemtia kizuizini kuanzia mwaka 1952, na shajara aliyoiandika huko ilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Lakini kwetu karatasi ndogo ilikuwa na hatari kubwa. Mwaka 1982 lilitoka Pambana, chapisho la siri la December Twelfth Movement, na katika msako wa Mwakenya wa mwaka 1986 watu walifungwa kwa kupatikana tu na karatasi zilizoitwa za uchochezi. Waliokuwa nazo walizichoma jikoni au kuzitumbukiza chooni. Sheria hiyo ya uchochezi iliondolewa mwaka 1997. Mwaka 2002, hata hivyo, Bunge likapandisha dhamana ya mchapishaji wa gazeti kutoka Sh10,000 hadi Sh1 milioni, na aliyeumia si mwenye gazeti kubwa. Kwa hivyo usistaajabu kwamba maktaba zetu hazina rafu ya vijarida vya mkono. Kwa muda mrefu aliyekuwa na akili alikiteketeza chake.

Tuirudie Barnard, kwa kuwa ndipo penye funzo la kazi. Mwaka 2003 mkutubi wa hapo, Jenna Freedman, aliomba maktaba ianze kununua vijarida vya mkono vilivyoandikwa na wanawake. Alipokubaliwa aliweka utaratibu ambao mimi naona ni wa busara kabisa. Kila kijarida hutafutwa nakala mbili. Moja huingia katika hifadhi ya nyaraka, ndani ya karatasi zisizo na asidi, katika chumba kinachodhibitiwa joto na unyevu. Ya pili huwekwa kwenye rafu za wazi, mwanafunzi aichukue, aisome kitandani, aimwagie chai akitaka. Hifadhi ikiwa ya kufungia tu, msomaji hukosa. Ikiwa ya kusoma tu, miaka kumi baadaye hakuna kitu. Kila kijarida huingizwa katika katalogi kama kitabu kingine chochote, pamoja na muhtasari wa yaliyomo, ili mtafiti anayetafuta, tuseme, habari za wasichana wahamiaji, avipate.

Kazi hiyo si mchezo. Mkutubi amezoea kitabu chenye jina la mwandishi, mwaka na mji wa uchapishaji. Kijarida cha mkono huja bila tarehe, bila nambari za kurasa, mwandishi kajiita Paka Mweusi, na toleo la tatu limetangulia la pili. Kingine ni saizi ya kiberiti, kingine kimefungwa kwa uzi, na kingine kimebandikwa kitambaa jaladani. Pini za stepla hushika kutu. Utepe wa gundi hugeuka manjano na kuachia picha. Wino wa fotokopi hugandamana na plastiki ukihifadhi vibaya. Lakini waliojitolea wameweza. Chuo Kikuu cha Duke kina mkusanyiko wa Sarah Dyer, aliyekuwa akichapisha Action Girl Newsletter. Chuo Kikuu cha Iowa kimerithi mali ya Rusty Hevelin, mzee aliyekusanya vijarida vya wapenzi wa hadithi za kisayansi tangu ujana wake hadi alipofariki mwaka 2011. Mwaka 2014 chuo hicho kilitangaza mpango wa kupiga picha vijarida hivyo vipatavyo 10,000, karatasi za miaka ya thelathini zikiwemo.

Hapo kijana wangu ataniuliza, karatasi za nini siku hizi ilhali simu ipo? Namjibu kwa kisa cha MySpace, mtandao ambao wenzake wa miaka ya 2000 waliuamini kama benki. Machi 2019 wenyewe walikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kabla ya mwaka 2016 zimepotea walipokuwa wakihamisha mitambo. Ile karatasi ya Chicago ya mwaka 1930 ingali inasomeka.

Kuna swali moja gumu, nalo ni la kifamilia hasa. Msichana wa miaka 17 aliandika siri zake kwa ajili ya watu arobaini aliowajua au aliowaandikia barua. Hakuandikia dunia. Leo ana miaka karibu hamsini, ni mwalimu au mama wa watoto watatu, pengine hata imani yake imebadilika. Je, maktaba ina haki ya kuiweka siri hiyo kwenye intaneti, ambapo mwajiri wake, au mwanawe, ataiona kwa kuandika jina lake tu?

Kuna wanaosema aliyechapisha amechapisha, maji yakimwagika hayazoleki. Mimi sikubaliani nao. Kuna tofauti kubwa kati ya rafu ambayo mtu huifuata kwa miguu yake na mtandao unaokifuata kitu hadi kitandani mwa kila mtu. Nafurahi kwamba wakutubi wenyewe wameliona hilo. Mwaka 2015 kikundi chao kilitoa kanuni za maadili ya wakutubi wa vijarida vya mkono. Kanuni hizo zinawahimiza kujitahidi kumtafuta mwandishi na kumwomba ruhusa kabla ya kukitia kijarida chake mtandaoni, kutofichua jina halisi la aliyejificha nyuma ya lakabu, na kumsikiliza kwa heshima anayeomba chake kiondolewe. Kwa mtu wa sheria huenda hayo ni maneno mepesi. Kwa mwanamke aliyeandika juu ya mjomba aliyemharibu, si mepesi hata kidogo.

Ndiyo maana napenda usomaji wa hadharani, maana hapo mwandishi huchagua mwenyewe. Katika duka la vitabu au ukumbi wa maktaba huwekwa viti na meza ya vijarida nyuma. Waandishi husimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja dakika tano au kumi, kijarida chenyewe mkononi. Penye picha, ama huielezea kwa maneno au huonyeshwa ukutani. Wengine husoma waliyoyaandika wakiwa shuleni, pamoja na makosa yote ya tahajia na viapo vya kumpenda fulani milele, na ukumbi hucheka naye wala si kumcheka. Akifika ukurasa asiotaka kuusoma tena, huufungua unaofuata. Hakuna atakayemuuliza. Kisha watu huenda mezani kununua na kubadilishana. Jijini Nairobi hatuko mbali na hayo: jarida la Kwani?, lililoanza mwaka 2003, lilikuwa na jioni zake za jukwaa huria, na vijana waliosoma hapo wakiwa na karatasi zinazotetemeka mkononi baadaye walitoa vitabu.

Maktaba za kaunti zingeweza kuanza bila ufadhili wowote. Sanduku moja la kadibodi karibu na meza ya mkutubi, daftari la kuandika kilichoingia, na alasiri moja ya Jumamosi kwa mwezi kwa wanaotaka kusoma kwa sauti. McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina ngazi pana na simba wawili mlangoni. Ni mahali pazuri mno kumsikiliza mtoto wa darasa la saba akisoma habari za nyanya yake.

Na kwa mtoto huyo, njia rahisi ni hii. Chukua karatasi moja ya A4. Ikunje nusu mara tatu, ifungue, utaona vyumba vinane. Ikunje tena nusu kwa upana, kisha kwa mkasi kata kutoka upande uliokunjwa hadi katikati tu, usifike ukingoni. Ifungue, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane, na utakuwa na kijitabu cha kurasa nane pamoja na jalada, bila pini wala gundi. Kwa kuwa kila kitu kiko upande mmoja wa karatasi, ukiifungua tena na kuipeleka kwa mwenye mashine, nakala ni ya ukurasa mmoja, shilingi chache tu. Mwache aandike anachotaka: paka wa jirani, safari ya shagz, kwa nini hampendi mwalimu wa hesabati. Mzazi usishike kalamu nyekundu.

Ila mwambie aandike nyuma tarehe na mji, kwa kuwahurumia wakutubi. Nakala ya kwanza ampe rafiki yake. Ya pili iwekwe ndani ya bahasha, mbali na jiko na mbali na mchwa.