Kumkufurisha Muislamu Si Jambo Jepesi

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu zetu katika imani, neno "kafiri" hutamkwa kwa wepesi mno, hata ndani ya nyumba moja, mtoto akamwambia mzazi wake. Lau tungezingatia hukumu zinazofuatana nalo, ndimi zetu zingekuwa nzito. Kwa mujibu wa mafakihi, aliyethibitika kuritadi hutenganishwa na mkewe, wala haswaliwi anapofariki.

Fitina hii ni kongwe. Mwaka 657, katika vita vya Siffin, Sayyidna Ali (R.A.) alikubali ugomvi uamuliwe na wasuluhishi wawili. Kundi katika jeshi lake likajitenga, likapiga kambi Harura, likidai kwamba aliyewapa watu uamuzi amekufuru. Hao ndio Khawarij. Ibn Abbas (R.A.) aliwaendea, akawajibu kwa Qur'ani ile ile: iwapo Mwenyezi Mungu ameamrisha wateuliwe waamuzi mume na mke wanapohitilafiana, vipi isijuzu kwa ajili ya damu za Waislamu? Wengi wakarejea.

Waliobaki walifikia kumuua Abdullah bin Khabbab pamoja na mkewe aliyekuwa mjamzito. Ndipo Sayyidna Ali akapigana nao Nahrawan mwaka 658. Hata hivyo imepokewa kuwa alipoulizwa kama watu hao ni makafiri, alijibu kwamba ukafiri wameukimbia. Ni ndugu waliotuasi. Mwaka 661 mmoja wao, Abdulrahman bin Muljam, akamuua.

Hapa ndipo penye mazingatio: aliyekufurishwa hakukufurisha. Hakulinyamazia kosa lao, wala hakuacha kulinda damu za watu; bali alipambanua baina ya kosa na imani. Mwaka 2005 maulamaa wa Kisunni, Kishia na Kiibadhi walikutana Amman, Jordan, wakaafikiana kuwa haijuzu kuwakufurisha wafuasi wa madhehebu hizo.

Wapo wasemao kuwa kujizuia hivyo ni kulea upotofu. Sivyo. Kosa hukosolewa kwa elimu. Ama hukumu ya ukafiri ni ya makadhi na maulamaa, baada ya hoja kusimama na shaka kuondoka.

Basi, enyi wazazi, kijana akirudi nyumbani na neno hili, tusimfukuze. Tukae naye tumsikilize, kisha tumjibu kwa hoja, kama Ibn Abbas alivyowafanyia watu wa Harura.

Wabillahi tawfiq.