Bamburi ina maDJ wa kutosha. Sasa tunataka watafiti wa maji

Haya wadau, leo nitawakera kidogo.

Uliza vijana kumi hapa Bamburi wanataka kuwa nani. Utasikia daktari, rubani, baharia, DJ, na wengine wanataka kushika simu na kuongea kama mimi. Hakuna hata mmoja atakayekwambia, "Nataka kutafiti maji ya kunywa." Na jioni haohao kumi wamepanga mitungi wakingoja mkokoteni.

Tuambiane ukweli. Sisi tumekalia mwamba wa matumbawe. Kiwanda cha simiti kilikuja hapa miaka ya 1950 kufuata jiwe hilo. Sasa jiwe lenyewe lina matundu kama sifongo. Mkichota sana visimani, bahari inasogea chini kwa chini na maji yanaingia chumvi. Vyoo vya shimo navyo vimechimbwa mumo humo. Maji matamu ya mfereji yanatoka mbali, Baricho huko upande wa Malindi, Mzima huko Tsavo. Yakikatika, tunarudi kisimani.

Halafu utasikia, "Chemsha tu." Kuchemsha kunaua vijidudu, sawa. Lakini chumvi haiendi popote: maji yanapungua, chumvi inabaki. Naitreti inayovuja kutoka vyooni pia haitoki kwa moto, na hiyo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Muuza maji naye anatumbukiza kale kamita kake, namba inasoma ndogo, anakwambia "safi hii!" Kamita kale kanakisia chumvi na madini yaliyoyeyuka tu. Vijidudu vya kipindupindu hakavioni.

Na maswali bado ni mengi. Mashine inayotoa chumvi kwenye maji hubakisha maji mengine yenye chumvi kali zaidi. Hayo yanamwagwa wapi? Yanarudi kisima cha nani? Mvua za masika zikipiga Mwembelegeza, visima vinabadilika vipi? Hapo kuna digirii yako, na uzamivu wako pia, na hujatoka mtaani.

Msiniambie ati hizo ni kazi za Wazungu. Askwar Hilonga, Mtanzania mwenzetu wa pale Arusha, alitengeneza chujio la mchanga na chembe ndogo sana za nano, na mwaka 2015 akawa wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa Uingereza. Nakuru maji yana floridi inayoharibu meno, na pale Dayosisi ya Kikatoliki ikaichuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mifupa, jamani! Hapa jirani Kilifi, kituo cha KEMRI-Wellcome kipo tangu 1989, na kikisema jambo kuhusu malaria dunia inasikiliza. Kama Kilifi imeweza malaria, kwa nini sisi tusiweze maji?

Najua mtaniuliza, "Lakini kazi iko wapi?" Swali la haki hilo. Wanasiasa wetu wanapenda kukata utepe kisima kikizinduliwa, maana kuna picha. Kupima maji ya kisima hichohicho kila mwezi hakuna picha, kwa hivyo pesa hazionekani. Basi tusikae kimya. Wakija kuomba kura, tuwaulize: maabara iko wapi? Nafasi za atachi kwa wanafunzi wa kemia ni ngapi? Kwa nini majibu ya vipimo hayabandikwi pale kisimani kila mtu asome? Kazi za utafiti haziji zenyewe, zinadaiwa kama barabara.

Na wewe uliye fomu tatu, usiiache kemia eti kwa sababu ni ngumu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Technical University of Mombasa iko Tudor. Hizo ni safari za matatu, hazitaki viza.

Wazazi pia mtusikize. Mtoto akisema anataka kusomea maji, msimcheke ati atakuwa fundi wa mifereji. Mnalipia mtungi kila siku na hakuna anayeweza kuwaambia kilichomo ndani. Huyo mtoto ndiye atakayewaambia.

Mimi nitaendelea kupiga kelele huku, lakini video haijawahi kutoa chumvi kwenye maji. Mtumie hii yule beshte yako anayependa kemia na anaona haya kusema.