Je, Yafaa Kuchukua Simu Katika Safari ya Mapumziko?



Likizo ya Desemba ilipokaribia, kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Mlandizi alinijia baada ya sala ya alasiri, akaniamkia, kisha akasema: "Maalim, nakwenda Maneromango kwa bibi yangu. Baba aniambia nichukue simu, mama asema niiache. Nifuate lipi?"

Mama ana hoja yake. Likizo iliyotangulia kijana huyu alikaa kwa bibi siku kumi, kichwa kimeinama juu ya simu. Bibi akimpa khabari za wazee, yeye huitikia "naam" asijue alichokiitikia. Mwisho bikizee akamwuliza: "Mjukuu wangu, umekuja kunitazama mimi au kukitazama hicho?" Kuunga udugu ni ibada, basi ni ziara gani hiyo ambayo mwenye kuzuriwa hakutazamwa hata uso?

Wako wasemao kwamba simu yamfaa msafiri kwa dini yake, kwani humwonyesha kibla. Ni kweli, lakini tusilikuze jambo. Kwetu Pwani Makka iko upande wa kaskazini. Mwenye kuliweka jua la asubuhi kwenye bega lake la kuume amekwisha elekea. Na masafa nayo yajulikana: Mlandizi hata Maneromango hakutimii marhala mbili, ambazo wanazuoni wetu wa Kishafii huzikadiria kuwa zaidi ya kilomita 80, basi hapana kukusuru sala. Aendaye Dodoma, huyo anayo ruhusa. Hayo tuliyajua kabla ya simu.

Hata hivyo nilimwambia aichukue. Mwaka 1994 nilikuwa Tanga kwa jamaa zetu, na baba yangu nimemwacha nyumbani mzima wa afya. Alifariki usiku. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia, na maiti hangoji, kwani sharia yatuhimiza kumharakisha. Niliporudi siku ya nne nilikuta udongo wa kaburi umekwisha kauka. Sikumwosha, wala sikumteremsha kaburini. Nilimsalia juu ya kaburi, peke yangu. Hata leo nikiona kijana asafiri bila ya njia ya kupatikana, moyo wangu hauna raha.

Lakini nilimshurutisha. Ndani ya basi asibonyeze namba yake ya siri ya fedha mbele ya watu. Akifika, aiweke simu mkobani, aitoe baada ya isha awajulishe wazazi hali yake. Na picha za wanawake wa nyumba ile asizipige wala asizitawanye.

Akaniuliza: "Na bibi mwenyewe akitaka kuzungumza na nduguye aliyeko Kibiti?"

Nikamwambia: "Hapo itoe upesi, umpigie, umshikie sikioni hata amalize, wala usimhesabie salio."