Grieg na Fidla ya Telemark

Edvard Grieg alizaliwa tarehe 15 Juni 1843 mjini Bergen, magharibi mwa Norwei, na akafariki katika mji huohuo tarehe 4 Septemba 1907. Husifiwa kwamba ndiye aliyeuingiza muziki wa wakulima wa Norwei katika kumbi kubwa za Ulaya. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Katika kazi zake zenye uzito zaidi, muziki wa wakulima ndio uliomgeuza mtunzi, na hoja hiyo ndiyo msingi wa makala haya.

Malezi yake yalikuwa mbali na muziki huo. Mama yake, Gesine Hagerup, alikuwa mpiga piano na mwalimu wa mjini, na ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1858 mpiga fidla mashuhuri Ole Bull alimsikia kijana huyo wa miaka 15 akipiga, akawashauri wazazi wampeleke kwenye chuo cha muziki cha Leipzig, Ujerumani. Alihitimu mwaka 1862 akiwa na ufundi wa Kijerumani na mapafu yaliyoathiriwa na maradhi, ambayo hayakumwacha maisha yake yote.

Mwelekeo ulibadilika Copenhagen, alikohamia mwaka 1863. Huko alikutana na Rikard Nordraak, aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Norwei na aliyeshikilia kwamba muziki wa nchi usimame juu ya nyimbo za watu wake. Nordraak alifariki mwaka 1866 akiwa na miaka 23, na Grieg akaubeba msimamo huo. Siasa nazo ziliupa nguvu. Norwei ilikuwa imetawaliwa na Denmark kwa karne kadhaa hadi 1814, kisha ikawa chini ya mfalme mmoja na Uswidi hadi 1905. Kwa taifa lililotaka kujitambulisha, nyimbo za kijijini zilikuwa ushahidi wa utu wake.

Hata hivyo, kazi zilizompatia Grieg umaarufu zilitokana zaidi na ubunifu wake mwenyewe. Konseto yake pekee ya piano, ya mwaka 1868, hufunguka kwa sauti inayoshuka nusu hatua kutoka noti ya msingi, kisha hatua mbili kamili. Mshuko huo ni wa kawaida katika nyimbo za Norwei, lakini wimbo wenyewe ni wake. Vivyo hivyo muziki wa tamthilia ya Henrik Ibsen, Peer Gynt, uliosikika jukwaani kwa mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1876. Kipande chake kinachoelezea asubuhi huchukuliwa na wengi kuwa mapambazuko ya milima ya Norwei, ilhali katika tamthilia jua hilo huchomoza pwani ya Moroko.

Nyimbo za asili zenyewe alizifikia hatua kwa hatua. Mwaka 1870 alipanga 25 kwa ajili ya piano, akizitoa katika mkusanyo wa Ludvig Mathias Lindeman. Alizipata vitabuni, zikiwa zimekwisha kunyooshwa na kalamu. Nyimbo 19 alizozipanga mwaka 1896 zilikuwa karibu zaidi na waimbaji, kwani nyingi zilinakiliwa na rafiki yake Frants Beyer katika milima ya Jotunheimen.

Kilele ni Slåtter, ngoma 17 zilizochapishwa mwaka 1903. Chanzo chake ni Knut Dahle, mpiga fidla mzee wa Telemark, aliyemwandikia Grieg akihofia kwamba mapigo aliyorithi yangezikwa pamoja naye. Baadhi alikuwa ameyapokea kwa Torgeir Augundsson, aliyefahamika kama Myllarguten. Grieg hakuwa mpiga fidla, hivyo mwaka 1901 Dahle alimpigia mpiga fidla Johan Halvorsen, naye Halvorsen akayaandika kwa noti. Fidla ya Hardanger, waliyoitumia wapigaji hao, ina nyuzi nne zinazopigwa kwa upinde, na chini yake nyingine zinazovuma zenyewe bila kuguswa. Kwa hiyo wimbo haukosi mvumo chini yake. Tena, katika muziki huo noti ya nne ya skeli mara nyingi hupanda juu kuliko sheria za Leipzig zinavyotaka.

Katika dibaji yake Grieg alisema lengo lilikuwa kuziinua kazi hizo za watu hadi daraja la sanaa, kwa kuzipa mpangilio wa sauti. Muziki wenyewe unaikanusha kauli hiyo. Piano yake inavuma kama nyuzi za chini za fidla, inagonganisha sauti pasipo kuomba radhi, na ile noti ya nne imeachwa ilivyo. Aliyekuwa akijifunza hapa ni mtunzi wa mjini. Kwa bahati njema, unukuzi wa Halvorsen ulitolewa pia, na msomaji anaweza kulinganisha ngoma na piano ukurasa kwa ukurasa.

Kumhukumu Grieg kwa idadi ya nyimbo alizochukua kijijini, basi, ni kutumia mizani isiyofaa. Swali lenye faida ni nyimbo hizo zilimlazimisha aache nini katika mafunzo yake, na jibu limo katika Slåtter, kazi ambayo heshima yake inagawanywa kwa haki kati ya Dahle, Halvorsen na Grieg.