Usiache Mbachao kwa Msala Upitao
Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya nidhamu wala madhara ya dawa za kulevya, si kwa kuwa mambo hayo hayana maana, bali kwa sababu kuna jambo lililonikereketa moyoni tangu likizo ya Agosti. Jambo lenyewe ni hili: je, ni haki msaidizi wa akili bandia auzwe kwa wale tu waliohamishia hesabu zao "winguni", na wale walio na mitambo yao wenyewe waachwe wakimeza mate?

Najua kuna watakaocheka na kusema, "Huyu naye! Wingu gani tena?" Tulia basi, nikueleze kisa chenyewe.

Mjomba wangu ni mhasibu katika duka la jumla mjini Nakuru. Wanauza mabati, misumari, saruji na rangi. Nyuma ya duka pana chumba kidogo chenye feni inayolia usiku na mchana, na ndani yake mna tarakilishi moja kubwa isiyozimwa. Hiyo ndiyo seva yao. Wafanyakazi wameipa jina: Mzee. Mzee ndiye anayejua saruji imebaki mifuko mingapi, nani alikopa mabati na hajalipa, na mishahara ya mwezi ni kiasi gani. Programu iliyo ndani yake tajiri aliinunua mara moja, kwa pesa za kutosha kununua pikapu kuukuu.

Siku moja akaja muuzaji wa programu, tai shingoni, viatu vinang'aa kama kioo. Akafungua kitarakilishi chake, akakiuliza kwa maandishi, kama unavyomwuliza mtu: "Ni wateja gani hawajalipa kwa zaidi ya siku 60?" Kabla hujapiga chafya, majina yakatoka. Akakiambia, "Andika barua ya kuwakumbusha." Barua ikatoka, tena ya adabu. Salale! Tajiri akasema papo hapo, "Basi tuwekee huyo kwenye Mzee." Muuzaji akatabasamu. "Haiwezekani, mzee wangu. Msaidizi huyu anakaa winguni. Mhame kwanza, halafu mlipe kila mwezi kwa kila mtumiaji."

Usiku huo Mjomba hakula vizuri. Ugali ulipoa mbele yake. Hatimaye akaniambia, "Mpwa wangu, kazi inayonichukua siku mbili, kitu kile kimeifanya kwa dakika moja. Tukikikosa, wenzetu watatupita. Tukikifuata, hesabu zetu zitakuwa mikononi mwa nani? Na mimi je, nitahitajika?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu.

Kwanza tuelewane. Wingu hili si la mvua. Ni majumba makubwa yaliyojaa tarakilishi za watu wengine, nawe unazifikia kwa intaneti na kulipa kodi, kama mpangaji. Kampuni ya Microsoft ilifungua majumba ya namna hiyo Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Amazon ikafuata huko Cape Town mwaka 2020. Mwenye seva kama Mzee ni kama mwenye nyumba yake: bati likivuja, ni shauri lake, lakini hakuna wa kumfukuza.

Tena jambo hili si la Nakuru peke yake. Mwezi wa Machi mwaka 1973 hatukuwapo, lakini Machi mwaka 2023 tulikuwapo sote, na ndipo Microsoft ilipotangaza msaidizi wake aitwaye Copilot kwa programu zake za biashara. Katika Business Central, ile inayotumiwa na maduka na viwanda vya kadiri, msaidizi huyo alitolewa kwa toleo la wingu. Waliokuwa na programu hiyo hiyo kwenye seva zao hawakumpata. Julai mwaka huo huo, mkuu wa kampuni ya SAP ya Ujerumani, Bwana Christian Klein, akasema wazi kwamba mambo mapya ya kampuni hiyo, akili bandia ikiwemo, yatawafikia wateja wa wingu. SAP si kampuni ya juzi. Ilianzishwa mwaka 1972, na viwanda vikubwa duniani huandika hesabu zao ndani ya programu zake.

Je, wateja walinyamaza? Thubutu! Chama cha wateja wa SAP wanaozungumza Kijerumani, kiitwacho DSAG, kililalamika hadharani. Na walikuwa na haki ya kulalamika. Baadhi yao walikuwa wamekwisha gharamika kununua toleo jipya, S/4HANA, na kuliweka kwenye seva zao. Mwaka 2020 SAP ilikuwa imeahidi kulihudumia toleo hilo hadi mwisho wa mwaka 2040. Kumbe kuhudumiwa ni jambo moja, na kupewa vipya ni jambo jingine! Ni kama mtu aliyeuziwa gari kwa ahadi ya vipuri vya miaka 20, halafu akaambiwa taa mpya ni za wale wanaokodisha tu.

Hata hivyo, mimi si wakili wa upande mmoja. Penye ukweli, uongo hujitenga. Wenye wingu wana hoja zao, na baadhi ni nzito.

Akili bandia hizi kubwa zinataka mitambo ya bei ya kutisha, na umeme mwingi. Duka la mabati haliwezi kununua mitambo hiyo ili iandike barua tatu kwa siku na kulala muda uliobaki. Wingu linawawezesha watu elfu kuchangia mtambo mmoja, kama vile matatu inavyobeba abiria 14 ambao hakuna hata mmoja anayeweza kununua matatu. Pili, msaidizi hubadilishwa mara kwa mara. Ni rahisi kumbadilisha mahali pamoja kuliko kwenda mlango hata mlango. Tatu, tuseme kweli, si kila mwenye seva anaitunza. Mzee mwenyewe aliwahi kuugua. Diski yake iliharibika, nakala ya akiba ikawa ya wiki tatu nyuma, na Mjomba akaketi usiku kucha akiandika upya kutoka kwenye risiti, moja baada ya nyingine. Siku hiyo hakuna aliyemsifu Mzee. Na umeme ulipopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, Mzee naye alilala fofofo.

Lakini sasa geuza sarafu uone upande wa pili.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Kote Afrika Mashariki intaneti ikawa ya kusuasua. Wiki hiyo, asema Mjomba, duka lao liliuza saruji kama kawaida, kwa maana Mzee yuko chumba cha pili na haulizi bahari ruhusa. Jirani yao, ambaye hesabu zake zote ziko winguni, alirudi kwenye daftari na kalamu ya wino. Msaidizi awe mwerevu kama Abunuwasi, kama njia ya kumfikia imekatika, anakufaa nini?

Jambo la pili ni pesa. Kodi za wingu mara nyingi hupigiwa hesabu kwa dola. Mnakumbuka Januari 2024, dola moja ilipopita shilingi 160? Baadaye mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 130. Duka linauza misumari kwa shilingi. Aliyenunua programu yake mara moja alilala usingizi wakati dola inapanda na kushuka. Mpangaji alikuwa akihesabu vidole.

La tatu ni siri za watu. Ndani ya Mzee mna majina, nambari za simu na madeni ya wateja. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezipeleka habari za watu nje ya nchi aonyeshe kwamba zitalindwa huko ziendako. Sheria haikatazi wingu, la hasha! Lakini tajiri anayehama kwa sababu tu amependezwa na barua iliyoandikwa kwa dakika moja, bila kuuliza hesabu zitalala nchi gani, anacheza na moto.

La nne ndilo kubwa kwangu. Tunaambiwa akili bandia haiwezi kuishi mahali pengine ila winguni. Si kweli kabisa. Mwaka 2023 kampuni ya Meta iliitoa Llama 2, na kampuni ya Mistral ya Ufaransa ikatoa yake, na mtu yeyote anaweza kuzipakua na kuziendesha kwenye tarakilishi yake mwenyewe, hata intaneti ikiwa imezimwa. Ile ndogo ya Mistral yaweza kuendeshwa na tarakilishi moja nzuri. Haina maarifa ya zile kubwa, nakubali, na hukosea zaidi. Lakini kuandika barua ya kumkumbusha mdaiwa hakuhitaji maarifa ya profesa. Kwa hiyo mtu akisema "haiwezekani", mwulize polepole: haiwezekani, au hamtaki? Maana mpangaji analipa kila mwezi, na mwenye nyumba yake alilipa mara moja. Ukiona samaki anapewa nyama bure, tafuta ndoana iko wapi.

Na wala makazi ya mtambo si majaliwa ya Mungu. M-Pesa, ambayo nyanya zetu wanaitumia kutuletea pesa za matumizi, ilianza mwaka 2007, na kwa miaka mingi mitambo yake ilikaa Ujerumani. Ulikuwa ukituma pesa kutoka Gikomba hadi Kakamega, na habari zake zinapitia Ulaya! Mwaka 2015 mitambo hiyo ikaletwa nyumbani. Kilichokuwa mbali kilirudi karibu, kwa sababu palikuwa na watu waliotaka kirudi.

Basi msimamo wangu ni upi? Sisemi tajiri wa Mjomba alikatae wingu. Anayeanza biashara leo, bila seva wala fundi, pengine wingu ndilo litakalomfaa, na asione haya. Ninachokataa ni msaidizi kugeuzwa chambo. Muuzaji aliyechukua pesa za mteja kwa ajili ya programu ya kuweka kwenye seva ana deni la ukweli: amwambie mapema ni vipya gani havitamfikia, na kwa nini. Na kama yeye mwenyewe hawezi kumletea msaidizi, basi asifunge mlango. Amwachie mteja nafasi ya kuunganisha msaidizi mwingine na hesabu ambazo ni zake.

Mteja naye asikurupuke. Tulikaa na Mjomba tukaandika maswali nyuma ya risiti ya kupokelea bidhaa. Intaneti ikikatika, tutauza vipi? Tutalipa kwa shilingi au kwa dola, na bei ikipanda mtatupa notisi ya muda gani? Hesabu zetu zitakaa nchi gani? Na tukichoka tukataka kurudi, tutatoka na vitabu vyetu vyote, au tutatoka mikono mitupu? Mjomba akampigia muuzaji simu, akamsomea. Yule bwana akasema atarudi na majibu. Mpaka naandika haya, hajarudi.

Kuhusu kazi ya Mjomba, hapa sina uhakika wa nabii, lakini nimeona jambo moja. Msaidizi yule aliwaandikia wadaiwa wote barua moja. Mjomba anajua kwamba yuko mkulima mmoja wa Njoro ambaye kila mwaka hulipa baada ya kuvuna mahindi, na hajawahi kukosa. Ukimwandikia barua mwezi wa Agosti umemtukana, na mwaka ujao atanunua mabati kwingine. Jambo hilo haliko ndani ya Mzee wala winguni. Liko kichwani mwa Mjomba. Mashine na ihesabu, lakini mwenye kujua watu aketi kando yake, aisome barua kabla haijatumwa.

Nasi wanafunzi je? Wengi wetu tukiingia kwenye chumba cha tarakilishi tunakimbilia michezo, bwana. Tujifunze pia kutunza seva, kuweka nakala za akiba, na kuziendesha hizi akili bandia ndogo kwenye mashine zetu. Kama sivyo, kila tutakapotaka akili tutaambiwa, "Hameni kwanza." Na mtu ambaye hajui kujenga hana budi kupanga siku zote.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu mpya ni mzuri, sikatai. Lakini kabla hujautupa mkeka wako wa zamani, uliza kwanza msala ni wa nani, na ataondoka nao saa ngapi.

Mwenye maoni tofauti asinune. Aje kwenye mdahalo wa chama Alhamisi baada ya michezo, tujibizane kwa Kiswahili sanifu. Kalamu naiweka chini.