Ati Sisi wa Kutwa Tuiache Kemia?

Tulipokuwa tukichagua masomo ya kidato cha tatu, mtu mzima mmoja (sitamtaja) alituambia sisi wa kutwa tusijisumbue na kemia. Ati maabara yetu ina mizani mbili tu, na jioni tunakwenda nyumbani kuchota maji badala ya kusoma. Wasichana wanne wa darasa letu waliifuta kemia siku iyo hiyo. Mimi nilikataa, na sababu ninayo.

Kulikuwa na Mfaransa mmoja, Marguerite Perey, aliyezaliwa mwaka wa 1909. Babake alifariki yeye akiwa mtoto. Alitamani udaktari lakini pesa zikakosekana, basi akasomea ufundi wa maabara. Mwaka wa 1929, kabla hajatimiza miaka 20, Marie Curie alimchukua kazini kule Paris. Kazi gani? Kusafisha aktiniamu! Kuitenga na takataka zake, leo, kesho, mwaka baada ya mwaka. Wengi wetu tungetoroka, bwana.

Lakini mkono ule uliozoea kusafisha ndio uliofika. Mwaka wa 1939 aliona aktiniamu yake, safi kabisa, ikitoa miale isiyokuwa yake. Kumbe humo ndani ilikuwa ikizaliwa elementi ya 87, ambayo wataalamu waliitafuta wakaikosa. Nusu ya elementi hiyo huisha kwa dakika 22 hivi, kwa hivyo mzembe asingeiona kamwe. Akaiita fransiamu, kwa jina la nchi yake. Na digrii hakuwa nayo! Shahada ya udaktari wa sayansi aliipata mwaka wa 1946.

Sifichi kwamba miale ilimdhuru, na saratani ikamwua mwaka wa 1975. Kwa sababu hiyo hasa naona kemia hii yatuhusu. Kule Mrima, Kwale, udongo una thoriamu na watu wanaishi na kulima karibu na kilima hicho. Nani atawapimia maji na udongo? Tungoje wageni?

Walimu wetu wa kemia, ombi langu ni dogo. Jioni hatuwezi, hilo mnalijua. Tufungulieni maabara saa ya chakula cha mchana. Mizani ni mbili, ndiyo, lakini kuanzia saa saba hadi saa nane zinakaa bure.