Alipoanguka Chini, Kazi Yako Iliisha



Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, wazee watatu walinifuata ofisini na jambo moja: darasa la karate la Jumamosi pale ukumbini lifungwe. Wengine wenu mmenipigia simu kuhusu hilo hilo, wengine mmeniandikia hapa. Nimeomba, nimesoma, nimeketi na wakili ambaye ni mshirika wetu. Leo nawajibu nyote kwa pamoja, kwa sababu hili linamgusa kila mzazi ambaye mtoto wake hushuka matatu saa mbili usiku na kutembea gizani.

Kilichotokea mnakijua kwa vipande vipande. Kijana mwenyewe amenipa ruhusa nikieleze bila kumtaja jina, na kesi yake imekwisha, kwa hiyo simharibii.

Alishuka steji akielekea nyumbani. Karibu na ukuta wa shule, mtu mmoja akamkaba ngeta kutoka nyuma na mwenzake akaja mbele kumpekua mifuko. Sisi wa mtaa huu tunajua ngeta ni nini. Mtu anaweza kufa kabla simu haijatoka mfukoni. Kijana akafanya alichofundishwa: akashusha kidevu kulinda koo, akashusha uzito wa mwili, akapiga kiwiko cha nyuma mara mbili, akageuka na kumwangusha yule jamaa. Yule wa mbele akatoka mbio. Mpaka hapo sheria ilikuwa upande wake, na mimi nilikuwa upande wake.

Halafu akampiga mateke. Matatu, usoni, mtu akiwa chini amejifunika kichwa kwa mikono. Kamera ya duka la M-Pesa ilionyesha yote. Kati ya kuanguka na teke la kwanza kuna sekunde nne. Nimeitazama video ile. Sekunde nne ni nyingi sana ukizitazama umeketi kwenye kiti. Ukiwa umetoka kukabwa koo, ni kama hazipo kabisa.

Taya la yule mwizi lilivunjika mahali pawili. Wiki sita alikunywa uji kwa mrija. Nilimtembelea hospitalini, na nilipoingia nilimkuta mama yake, mama mwenye kitenge kama mama zenu, ameshika kikombe. Sikuwa na la kusema. Nikashika kikombe ili apumzike.

Kijana wetu alishtakiwa kwa kosa la kusababisha madhara makubwa, kifungu cha 234 cha Kanuni ya Adhabu, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Alikiri. Hakimu alimhurumia, akampa probeshoni ya miaka miwili. Tulimshukuru Mungu, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini ile kazi ya Qatar aliyokuwa akiingojea ilihitaji cheti cha maadili mema kutoka DCI. Nadhani mmeelewa.

Sasa, wengi mmeniuliza: Pasta, si alikuwa anajitetea? Sikilizeni, maana hapa ndipo watoto wetu wanapotea kwa kukosa maarifa.

Ukifungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 17 kinazungumzia kujitetea kwa mistari michache tu. Kinasema kwamba nguvu uliyotumia kulinda mwili au mali itapimwa kwa kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani zile kanuni ambazo majaji wamezijenga kutoka kesi hadi kesi. Kwa hiyo usitafute orodha ya mapigo yanayoruhusiwa, haipo. Mahakama inauliza: je, uliamini kweli kwamba unashambuliwa au uko karibu kushambuliwa? Na je, nguvu uliyotumia ililingana na hatari uliyoiona?

Sheria hii si katili. Kuna kesi ya Palmer, ilitoka Jamaica na kuamuliwa London mwaka 1971, na mahakama zetu huirejelea mara kwa mara. Majaji wale walitambua kwamba mtu aliyevamiwa hawezi kupima pigo lake kwa mizani ya dukani. Ukifanya kile ambacho moyo wako wakati ule, kwa uaminifu, uliona ni lazima, jambo hilo lina uzito mkubwa kwa upande wako. Tena ukishaleta hoja ya kujitetea, ni kazi ya mwendesha mashtaka kuthibitisha kwamba hukuwa unajitetea. Hatari ikiisha, hata hivyo, kibali nacho kinaisha. Mwizi akianguka na kukaa chini, akikimbia, akiinua mikono, pigo linalofuata linaitwa jina lingine. Na mtu akifa kwa nguvu iliyopita kiasi, hata kama ulianza kwa kujitetea, unaweza kupatikana na kosa la kuua bila kukusudia, ambalo pia kifungo chake kinaweza kufika maisha.

Kuna uvumi mitaani kwamba mwenye mshipi mweusi lazima akasajili mikono yake polisi. Hakuna sheria kama hiyo Kenya. Ila hakimu huangalia mazingira yote, na ujuzi wako ni sehemu ya mazingira. Aliyefundishwa kuangusha mtu hawezi kusema hakujua simiti ni ngumu. Wengi wanaokufa katika ugomvi hawauawi na ngumi yenyewe. Wanauawa na ukingo wa barabara ambao kichwa kimegonga.

Wapendwa, haya si mageni kwetu. Nenda Kutoka 22, mstari wa 2 na wa 3. Torati inasema mwizi akikamatwa akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, kuna hatia. Mwizi huyo alipe. Nimehubiri miaka mingi nikipita juu ya mistari hiyo. Mwizi ni yule yule, nyumba ni ile ile, mwenye nyumba ni yule yule. Kilichobadilika ni mwanga. Usiku huoni ana panga au ana mikono mitupu, hujui amekuja kuiba au kuua, na majirani wamelala. Mchana unaona, na unaweza kupiga kelele watu wakaja. Mungu alimpimia mwenye nyumba kulingana na alichoweza kukijua wakati ule. Niambieni kama hiyo haifanani na yale niliyoeleza hapo juu.

Na mtazameni Abneri katika 2 Samweli 2. Anakimbia kutoka vitani, kijana Asaheli anamfuata mbio. Abneri ni askari mzoefu, angeweza kumaliza mambo mapema. Anamwambia ageuke, amfuate mtu mwingine. Anamwambia tena mara ya pili, na anamtaja ndugu yake Yoabu: nitamtazamaje usoni nikikuua? Asaheli anakataa. Ndipo Abneri anampiga, tena kwa upande wa nyuma wa mkuki. Kisha sura ya 3, Yoabu, ndugu ya marehemu, anamvuta Abneri kando pale langoni Hebroni kama anayetaka kumnong'oneza, anamchoma tumboni. Daudi hakulisahau hilo hata alipokuwa anakufa. Katika 1 Wafalme 2 anamwambia Sulemani kwamba Yoabu alimwaga damu ya vita wakati wa amani. Kijana wetu alikuwa Abneri kwa sekunde kadhaa. Baada ya zile sekunde nne akawa Yoabu.

Wazee wangu walinitajia shavu la pili, Mathayo 5. Naliheshimu neno hilo kuliko wanavyofikiri. Lakini Yesu anataja shavu la kuume. Jaribu mbele ya kioo: mtu wa mkono wa kulia hupiga shavu la kuume la mwenzake kwa mgongo wa kiganja. Hilo ni kofi la dharau. Kondakta amekutukana, jirani amekusukuma kwenye foleni ya maji, shemeji amekuita fukara mbele ya watu. Hapo geuza shavu, na ukiwa na mshipi wa rangi yoyote ligeuze haraka zaidi. Kumwambia binti aliyekabwa koo kichochoroni atulie kwa sababu ya mstari huo, hapana. Wala mke anayepigwa nyumbani. Huyo tangu 2015 ana sheria ya kumlinda dhidi ya ukatili wa nyumbani, anaweza kuomba amri ya mahakama, na namba 1195 inapokelewa bila malipo. Na Daudi, mtiwa mafuta, alikwepa mkuki wa Sauli, hakusimama kuupokea.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazee: darasa halifungwi.

Najua tulikosea wapi, na sehemu ya kosa ni yangu, kwa sababu nilitoa ukumbi nikaenda zangu. Kwa miaka miwili tuliwafundisha vijana kupiga, hatukuwafundisha kuacha. Mazoezini mwalimu ndiye husema yatosha, na wote huinama. Kichochoroni hakuna mwalimu. Mazoezini mpinzani ni mmoja, sakafu ni safi, hakuna kisu, na umelala vizuri. Mwili uliojaa hofu hufanya kile ulichokirudia mara nyingi, na sisi tulirudia pigo tu. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa na kuipeleka Tokyo mwaka 1922, alifundisha kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Nyingi ya zile kata ambazo watoto wenu hufanya huanza kwa kuzuia. Ningeongeza kwamba nyingi huisha kwa kurudi mahali ulipoanzia na kushusha mikono, na hicho ndicho kipande ambacho vijana hukifanya kwa uvivu wakitazama saa.

Kule Korogocho kuna kina shosho wanaojifunza kujikinga, kikundi chao wakakiita Shosho Jikinge. Bibi wa miaka sabini hategemei kumshinda kijana kwa nguvu. Anapiga kelele, anapiga mahali panapouma, anaondoka. Sioni kwa nini kijana wa miaka ishirini na tatu aone aibu kuondoka.

Na kabla hatujamnyooshea kidole sana. Mimi kabla ya kuokoka niliwahi kusimama kwenye umati uliokuwa umemzunguka mwizi wa kuku sokoni. Nilirusha jiwe. Moja. Mpaka leo sijui lilimpata wapi, lakini yule mtu hakuamka. Sheria yetu haihesabu mawe: mkishirikiana kwa nia moja, kila mmoja hubeba lote. Hakuna aliyenikamata. Kijana wetu alifanya mbele ya kamera kile ambacho baba zake wengi katika kanisa hili walifanya bila kamera, na nadhani ndiyo maana baadhi yetu tuna hasira naye.

Kuanzia Jumamosi hii mambo yatakuwa hivi. Nusu saa ya mwisho kila mwezi ni ya wakili wetu. Atawaeleza kwamba raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini ni lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na haruhusiwi kutumia nguvu kuliko inavyohitajika. Atawaeleza kuhusu kuripoti na kupata namba ya OB usiku huo huo, hata kama wewe ndiye uliyeshinda, na fomu ya P3, ambayo haiuzwi. Mwalimu amekubali kwamba kila zoezi la kumwangusha mtu litaisha kwa hatua tatu nyuma, mikono juu wazi, na sauti: "Kaa hapo!" Halafu mbio kuelekea kwenye taa. Mwanafunzi ambaye hazifanyi zile hatua tatu hapandi mshipi, hata akiwa mtoto wa pasta. Wangu yumo.

Kijana wetu atarudi pia. Ameomba mwenyewe aanze upya na mshipi mweupe, akae nyuma na watoto wa darasa la nne. Msimkodolee macho.

Tunaanza saa tatu asubuhi. Wasichana wasiwe na wasiwasi juu ya ada. Na kuna mama wa kanisa jirani ambaye bado anadaiwa bili ya hospitali ya mwanawe. Sadaka ya Jumatano itaenda huko. Mnajua ni mama yupi.

Pasta wenu.